Taji la Carlos Juu ya Chuma

Jioni ya Februari 1, 1908, Mfalme Carlos wa Kwanza wa Ureno alikuwa akipita na familia yake katika uwanja wa Terreiro do Paço, Lisbon, ndani ya gari la farasi lililo wazi. Wauaji wawili walikuwa wakimsubiri katika umati. Manuel Buíça alikuwa na bunduki aina ya Winchester aliyoificha chini ya koti lake refu. Mwenzake, Alfredo Costa, alikuwa na bastola. Mfalme alikufa palepale, na mwanawe wa kwanza, Luís Filipe, hakukawia kumfuata. Oktoba 5, 1910, ufalme wenyewe ukafikia mwisho na jamhuri ikatangazwa. Bendera ikabadilishwa, sarafu ikabadilishwa, picha za wafalme zikashushwa ukutani.

Mahali pamoja hapakuguswa. Takriban bunduki 100,000 za jeshi la Ureno zilikuwa na alama ya Carlos iliyogongwa kwenye chuma: herufi C iliyofumwa na I ya Kirumi, na taji juu yake. Jamhuri ilizirithi zilivyo. Ikapigana nazo vita kuu, ikazifupisha, ikazibadilisha kaliba, na taji likabaki pale pale. Ndiyo maana mtu anayeshika leo mojawapo ya bunduki hizo hubaki amechanganyikiwa. Umbo lake linafanana na karabina ya Wajerumani ya Vita vya Pili vya Dunia. Ubavuni pameandikwa jina la kampuni ya Berlin. Juu kuna taji la mfalme wa Ureno aliyekufa kabla ya vita vyote viwili.

Jina lake rasmi ni Espingarda m/904, lakini wengi huiita Mauser-Vergueiro, na jina hilo la pili ni la mtu. José Alberto Vergueiro alikuwa afisa wa jeshi la nchi kavu la Ureno katika miaka ambayo nchi yake ilikuwa ikitafuta bunduki mpya. Waliyokuwa nayo ni Kropatschek ya 1886, iliyotengenezwa Steyr huko Austria. Risasi zake zilipangwa katika bomba refu chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine. Ilikuwa imewatumikia vyema katika vita vya 1895 dhidi ya Gungunhana, mfalme wa Gaza kusini mwa Msumbiji, lakini kufikia mwaka 1900 ilikuwa imepitwa na wakati. Wareno wakaielekea Mannlicher-Schönauer, bunduki nzuri ambayo Ugiriki iliichagua mwaka 1903. Kasoro yake ilikuwa bei. Magazini yake ilikuwa ya kuzunguka, yenye vipande vilivyohitaji mafundi stadi na muda mrefu karakanani.

Vergueiro akaleta suluhisho la mtu anayejua hazina ya serikali yake. Kutoka kwa Mauser ya 1898 alichukua magazini rahisi ya risasi tano, iliyofichwa ndani ya mti. Kutoka kwa Mannlicher alichukua namna ya komeo, yaani kile kipande cha kusukumwa na kuvutwa ambacho huingiza risasi na kufunga chemba. Kampuni ya Deutsche Waffen- und Munitionsfabriken ya Berlin ikapewa kazi ya kuitengeneza, kwa kaliba ya milimita 6.5 na ganda la urefu wa milimita 58. Singe zake zilifuliwa na Simson ya Suhl, mji ambao watu wake wamekula kwa silaha kwa karne nyingi.

Kwa hiyo anayetaka kuitambua aanze na komeo, kabla hata ya kutafuta maandishi. Katika Mauser ya kawaida ya 1898, mpini wa komeo hukaa nyuma ya daraja, ile sehemu ya chuma inayofunga mgongo wa bunduki juu ya komeo. Katika Vergueiro daraja limepasuliwa juu. Mpini hupita katika ufa huo na kulala mbele yake. Hilo peke yake linatosha kuitenga na Mauser nyingi ambazo wauzaji hupenda kuichanganya nazo. Haliitengi, hata hivyo, na ndugu zake wawili ambao nao wana daraja lililopasuliwa. Ndugu wa kwanza ni Gewehr 88 ya Wajerumani: hiyo magazini yake imechomoza wazi chini, mbele ya kifyatulio. Wa pili ni Mannlicher-Schönauer yenyewe, bunduki ambayo wawindaji wengi wa Afrika Mashariki waliipenda kwa wepesi wake. Ukifungua magazini yake utakuta kigurudumu cha kuzungusha risasi. Vergueiro haina kigurudumu. Ina springi bapa na bamba la kuinua risasi, kama Mauser yoyote.

Baada ya hapo ndipo macho yaende kwenye chapa. Taji na herufi za Carlos ziko juu ya chemba. Ubavuni kuna jina la mtengenezaji na la Berlin. Namba ya bunduki imegongwa kwenye chuma kikuu na kurudiwa kwenye vipande vingine. Zikilingana, vipande vimezeeka pamoja. Zisipolingana, kuna siku mtu fulani alizifungua bunduki kadhaa kwa pamoja na kuziunga upya kwa kilichopatikana, jambo la kawaida katika ghala lolote la jeshi. Wakusanyaji huhesabu namba zinazolingana kama uthibitisho wa ukoo safi na hulipa zaidi kwa ajili yake. Mwenye kupenda historia angeweza kusema kinyume: yenye vipande vya mchanganyiko ndiyo iliyofanya kazi.

Kuna alama nyingine ambayo haionekani kwenye kila Vergueiro, na ikionekana hubadilisha hadithi nzima: herufi U yenye mshale ndani yake. Mshale ni alama ya zamani ya mali ya serikali ya Uingereza. U ni ya Union, Muungano wa Afrika Kusini ulioundwa 1910. Vita vilipolipuka Agosti 1914, Pretoria ilitakiwa na London iivamie koloni la Wajerumani la Afrika Kusini-Magharibi, Namibia ya leo, nayo haikuwa na bunduki za kutosha. Uingereza haikuwa na za ziada. Kila Lee-Enfield ilihitajika Ufaransa. Ureno, ambayo ilikuwa bado haijaingia rasmi vitani, ikakubali kuuza. Maelfu ya Vergueiro yakavuka bahari hadi Afrika Kusini pamoja na risasi zake. Kwa hiyo bunduki zilizotengenezwa Berlin zilipelekwa kuwapiga Wajerumani, zikiwa na taji la mfalme wa Ureno na mshale wa mfalme wa Uingereza. Kiwandani hakuna aliyewaza hilo.

Upande wa mashariki wa bara mambo yalipinda zaidi.

Mwaka 1914 jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki lilikuwa na makampuni 14 ya askari, na chini ya makampuni hayo kulikuwa na aibu iliyojulikana na kila ofisa. Sehemu kubwa ya askari wao walibeba bunduki ya mfano wa 1871, yenye tundu la milimita 11, inayotumia baruti ya moshi. Ilipiga kwa nguvu, na kila ilipopiga iliacha wingu jeupe kichwani mwa mpigaji. Adui hakuhitaji darubini. Bunduki za 1898, zisizotoa moshi, zilikuwa za makampuni machache tu. Baadhi yake ziligongwa herufi K.S., ufupisho wa jina la jeshi hilo la ulinzi la kifalme.

Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wao, hakuwa na namna ya kuagiza nyingine. Manowari za Uingereza zilikuwa zimeziba pwani. Alipata silaha kwa njia mbili. Moja ilikuwa meli zilizopenya: Rubens, iliyojibandika jina la Kidenmarki Kronborg, ilifika Ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga Aprili 1915, ikashambuliwa na kuzama kwenye kina kifupi. Wapiga mbizi wakaokoa shehena, na watu wakakaa kuvunja risasi zilizolowa, moja baada ya nyingine, wakianika baruti na kuziunga tena. Mwaka uliofuata Marie ikafika Sudi, kusini ya Lindi. Njia ya pili ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuitenda, nayo ni kumnyang'anya adui. Tanga, Novemba 1914, Waingereza walipokimbilia merikebu zao, waliacha bombomu 16, risasi takriban 600,000, na bunduki za kutosha kuyapa silaha mpya makampuni matatu.

Vergueiro iliingia katika hesabu hiyo baada ya Ujerumani kuitangazia Ureno vita Machi 9, 1916. Wareno walianza kwa kuuteka Kionga, kipande kidogo cha pwani kusini ya mlango wa Ruvuma ambacho Wajerumani walikuwa wamekikalia tangu 1894. Baadaye mwaka huo wakavuka mto na kuingia Newala, nyanda za juu za Wamakonde, wakafukuzwa kabla mwaka haujaisha. Vikosi vilivyoletwa kutoka Lisbon vilikuwa na bunduki hizi za 6.5; makampuni mengi ya askari wa Kiafrika wa Msumbiji yalikuwa bado na Kropatschek. Huko Ufaransa, wakati huohuo, Wareno waliopelekwa kupigana kando ya Waingereza walipewa Lee-Enfield ili wote watumie risasi za aina moja. Busara hiyo haikufika Ruvuma.

Novemba 1917 Lettow-Vorbeck alikuwa amebanwa kusini kabisa ya koloni. Aliacha wagonjwa, akaacha wote ambao hakuweza kuwalisha, akavuka Ruvuma na Wajerumani takriban 300 na askari wasiofika 2,000, wakifuatwa na wapagazi na wake wa askari. Risasi zilikuwa zikiisha, hasa zile za bunduki za kisasa. Ng'ambo ya mto, pale Lugenda unapokutana na Ruvuma, palikuwa na ngome ya Wareno ya Ngomano. Aliyeiongoza ni Meja João Teixeira Pinto, mtu aliyejipatia jina la ukatili na ushindi katika Guinea ya Wareno miaka michache nyuma. Novemba 25 ngome ikashambuliwa kutoka upande ambao haikuutazamia. Teixeira Pinto akauawa. Wajerumani wakakuta bunduki mia kadhaa, bombomu sita na risasi robo milioni. Lettow-Vorbeck aliandika baadaye kwamba kwa pigo hilo moja aliondokana na sehemu kubwa ya shida zake, na kwamba silaha za Wareno zilitosha karibu nusu ya watu wake. Bunduki za 1871 zikaanza kutupwa.

Hapo panastahili kutuliwa kidogo, kwa sababu kubadilisha bunduki vitani si kama kubadilisha koti. Risasi ya 6.5 ya Mreno haiingii kwa faida katika bunduki ya Mjerumani ya 7.92, wala ya Mwingereza ya .303 haiingii katika yoyote kati ya hizo. Kampuni yenye mchanganyiko wa kaliba tatu ni kampuni ambayo mpagazi akikosea sanduku, theluthi ya watu hawana cha kupiga. Kwa hiyo kila ngawira ililazimisha hesabu upya: kampuni hii yote Kireno, ile yote Kiingereza, na masanduku yafuate. Julai 1918 mambo yakarudiwa kwa ukubwa zaidi huko Nhamacurra, karibu na Quelimane, penye reli na kiwanda cha sukari. Wareno na Waingereza walishindwa pamoja, na bunduki zao zikabebwa pamoja.

Matokeo yake yameandikwa katika orodha ya kusalimu amri. Vita vilikuwa vimekwisha Ulaya Novemba 11, 1918. Habari zikamfikia Lettow-Vorbeck mto Chambeshi siku mbili baadaye. Novemba 25, mwaka mmoja kamili tangu Ngomano, aliweka silaha chini huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, Zambia. Alikabidhi mzinga mmoja wa Kireno, bombomu 37 ambazo saba tu ndizo zilikuwa za Kijerumani, na bunduki 1,071 za Kiingereza na Kireno. Kamanda mwenyewe alijivunia kuandika kwamba hapakuwa na hata bunduki moja ya kisasa ya Kijerumani. Mbala husimuliwa kwamba silaha hizo zilitupwa Ziwa Chila, nje kidogo ya mji.

Lakini angalia chapa zinasema nini juu ya hayo yote: hakuna. Bunduki iliyotengenezwa Berlin, ikauzwa Lisbon, ikapelekwa Msumbiji, ikatekwa Ngomano na kubebwa mwaka mzima na askari Mnyamwezi au Msukuma hadi Abercorn, haikuwa lazima ipate alama hata moja mpya. Jeshi lililokuwa likikimbia usiku na mchana halikuwa na karakana ya kugongea mihuri. Chapa hugongwa na watunza ghala, na watunza ghala hukaa mahali pamoja. Mtu aliyeibeba kwa miezi kumi na mbili kupitia mito na njaa, akalala nayo na kuisafisha kwa mafuta yoyote aliyopata, hakumwachia msomaji wa alama chochote zaidi ya mikwaruzo ya kitako, ambayo mikono mingine mingi ingeweza pia kuiacha. Mtaalamu akikwambia kwamba bunduki fulani ilikuwa ya askari wa Lettow-Vorbeck, muulize amejuaje, kisha angalia kama jibu lake ni karatasi au ni hamu ya kuuza.

Taji nalo lilibaki kwa uvivu zaidi ya uaminifu. Jeshi la wanamaji la Ureno lilionyesha kwamba ingewezekana kufanya vingine. Bastola zao za Luger, kutoka kampuni ileile ya Berlin, zilianza na taji juu ya nanga. Baada ya mapinduzi, zilizofuata zikaja na R.P., Jamhuri ya Ureno, juu ya nanga ileile. Lakini hizo zilikuwa bastola mpya. Kukwangua taji kutoka kwenye bunduki 100,000 zilizokwisha kulipiwa kungegharimu fedha, na hakuna waziri wa fedha ambaye angekubali gharama hiyo.

Mageuzi makubwa yalikuja kwa sababu isiyo ya siasa. Mwaka 1937 Ureno ya dikteta Salazar ilichagua karabina mpya ya Mauser, ile ambayo Ujerumani yenyewe iliiita 98k, na kuipa jina m/937. Kaliba yake ilikuwa 7.92. Jeshi likajikuta na risasi za aina mbili kwa askari wa miguu, na Vergueiro nyingi bado nzima kabisa. Bahati ilikuwa kwenye ganda: kitako cha risasi ya 6.5 ya Vergueiro kina upana karibu sawa na kile cha 7.92 ya Mauser, na urefu wa maganda unapishana kwa milimita moja tu. Uso wa komeo ungeweza kushika yote mawili bila kufuliwa upya. Kwa hiyo mwaka 1939 zikaanza kutoka karakanani bunduki zilizoitwa m/904-39: kaliba 7.92, mtutu uliokuwa na milimita 739 ukawa takriban 600, na shabaha ya mbele ikafunikwa kifuniko cha kuizuia isigongwe wala kung'aa juani. Kwa mbali ni karabina ya Kijerumani kabisa. Kwa karibu daraja bado limepasuliwa, na juu ya chemba Carlos bado anatawala.

Hizi ndizo huwachanganya watu zaidi sokoni, hasa Ulaya na Marekani, kwa sababu kuna badiliko la pili ambalo halikufanywa na jeshi lolote. Bunduki za ziada zilipouzwa kwa raia, mafundi wa mitaani walizifanya za kuwindia. Afrika Kusini ndiyo ilikuwa na nyingi, na huko kaliba ya 6.5 ya Wareno iliendelea kupendwa na wakulima wawindaji kwa miongo. Kazi ya fundi huonekana haraka kuliko ya jeshi. Mti wa mbele umekatwa nusu na ncha yake kuzungushwa au kuvishwa pembe. Kifuniko cha mti juu ya mtutu hakipo. Mahali pa kushikia singe pamesagwa, na pengine mtutu umechezewa mpaka rangi ya chuma pale imetofautiana na kwingine. Mpini wa komeo uliokuwa umenyooka umepindwa chini kwa moto.

Zile zilizopitia Uingereza hubeba mihuri ya ziada ya nyumba za majaribio za London au Birmingham, ambako sheria ilitaka kila bunduki ipigwe risasi ya nguvu ya kupita kiasi kabla ya kuuzwa. Kwa kipindi fulani baada ya 1925 wakaongeza na maneno ya kutangaza kwamba bunduki haikutengenezwa Uingereza, kana kwamba jina la Berlin ubavuni halikutosha.

Na hapo kusoma alama huacha kuwa starehe ya wakusanyaji. Bunduki yenye U na mshale iliondoka mikononi mwa Wareno kabla ya 1939, kwa hiyo kwa kawaida haikupita katika mageuzi yale ya jeshi. Ikiwa leo inapima 7.92, basi mtutu wake ulibadilishwa na fundi fulani binafsi, mzuri au mbaya, na hakuna chapa itakayosema ni yupi. Iliyo na taji pekee na mtutu mfupi yaweza kuwa ya 1939, au ya 6.5 iliyokatwa tu na msumeno ili iwe nyepesi porini. Risasi isiyo yake ikipigwa ndani, ganda laweza kupasuka na gesi kumrudia mpigaji usoni. Fundi mwangalifu haulizi taji wala mshale. Humimina ndani ya chemba metali inayoyeyuka kwa joto dogo, huiacha igande, huitoa, na kuipima kwa kipimio, upana wa shingo na urefu wa bega, kisha ndipo huandika kaliba kwenye lebo na kuifunga bunduki kwa uzi.